Watoto wa Pipeline Nao Waonyeshwe Nyota

Mwanafunzi wa mtaa wa Pipeline, mashariki mwa jiji la Nairobi, anaweza kukutajia sayari zote nane kwa mpangilio wake pasipo kubabaika, na papo hapo awe hajapata kuonyeshwa hata moja. Atakueleza kwamba jua ni nyota, kwamba nuru husafiri kilomita laki tatu kwa sekunde moja, na kwamba Njia Nyeupe ni galaksi yenye mabilioni ya nyota. Mwulize ni lini aliiona hiyo Njia Nyeupe, naye atafungua kitabu na kukuonyesha picha.

Mimi huwafundisha watoto wa aina hiyo, na katika makala haya ningependa kutoa rai moja kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wenyewe. Rai yangu ni kwamba kila shule ya mitaa yetu ya Eastlands ipange, angalau mara moja katika maisha ya kila mwanafunzi, safari ya usiku mmoja ya kwenda mahali penye giza la kweli ili anga lisomwe kama kitabu. Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo hili kuwa anasa. Naomba wanivumilie hadi mwisho.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu arobaini na wawili wa Gredi ya Saba zoezi jepesi. Kila mmoja achague mahali salama karibu na mlango wa kwao, saa mbili usiku, ahesabu nyota kwa muda wa dakika kumi, kisha aandike idadi yake. Wengi waliandika idadi isiyofika kumi. Mvulana mmoja aliandika kumi na nne, kisha akaongeza kwa uaminifu kwamba tano kati yake zilikuwa zikisogea. Hizo zilikuwa ndege zinazoteremka kuelekea Uwanja wa Jomo Kenyatta. Msichana mmoja anayeishi chini kabisa ya jumba la ghorofa saba aliandika sufuri, na mbele ya sufuri hiyo akatia maneno manne: "Kwetu juu kuna nguo."

Yeyote aliyepata kupita Pipeline anajua kwamba mtoto huyo hakutia chumvi. Majumba yetu yamesimama bega kwa bega, na vichochoro vyake ni vyembamba hivi kwamba jirani wa upande huu anaweza kumpa wa upande ule kibiriti kupitia dirishani. Vyumba vya chini huwashwa taa adhuhuri. Jua lenyewe halifiki huko, sembuse nyota. Usiku uingiapo, zile taa ndefu tuziitazo "mulika mwizi" huwaka, vibanda vya chipsi na vya mitumba huwasha zao, na anga lote hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hali hii si ya Pipeline peke yake. Mnamo 2016, watafiti wakiongozwa na Mtaliano Fabio Falchi walichapisha ramani ya dunia nzima inayoonyesha jinsi taa za wanadamu zinavyofuta giza la usiku. Walibainisha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Lakini ramani hiyo hiyo ina habari njema kwetu. Sehemu kubwa ya Kenya, ukiacha miji na viunga vyake, ingali na giza. Kwa maneno mengine, kile ambacho mataifa tajiri yamekipoteza na sasa yanakitafuta kwa gharama kubwa, sisi tunacho karibu na nyumbani.

Nimesema kwa gharama kubwa kwa sababu ya swali lililoulizwa darasani kwangu. Wanafunzi walikuwa wameona katika simu za wazazi wao picha za usiku wa tarehe 10 Mei 2024, pale mianga ya kaskazini ilipotanda juu ya nchi nyingi ambazo aghalabu haziioni. Mbingu zilikuwa kijani kibichi, nyekundu na zambarau, mithili ya kanga zilizoanikwa juu ya dunia. Wakaniuliza: "Mwalimu, sisi tutapanga safari ya kuiona lini?"

Swali zuri halijibiwi kwa kicheko. Niliwaeleza kwamba jua, licha ya kutupa nuru na joto, hutupa pia chembe zenye umeme ambazo husafiri angani kwa kasi kubwa. Dunia yetu ni kama sumaku kubwa. Nguvu za sumaku hiyo huzikinga chembe hizo zisitufikie moja kwa moja, na nyingi kati ya zile zipenyazo huelekezwa upande wa ncha za dunia, kaskazini na kusini. Huko hugongana na hewa iliyo juu sana, kilomita mia moja na zaidi kutoka ardhini. Oksijeni ikigongwa hutoa mwanga wa kijani, na juu zaidi hutoa mwekundu. Naitrojeni huongeza buluu na zambarau. Kila baada ya miaka kumi na mmoja hivi jua huchafuka zaidi, na dhoruba ikiwa kali sana mianga hiyo hushuka mbali na ncha, kama ilivyoshuka mwaka huo hadi ikaonekana Mexico. Sisi tulio kwenye ikweta tuko mahali pa mwisho kabisa pa kuitarajia.

Basi anayetaka kuiona yampasa kusafiri hadi miji kama Tromsø nchini Norway, karibu kilomita 8,000 kutoka Nairobi, kati ya Septemba na Machi. Atahitaji viza, tikiti ya ndege, mavazi ya kuhimili theluji, na hata akishafika huenda akakesha usiku tatu chini ya mawingu pasipo kuona kitu. Niliwaambia wanafunzi wangu wasiiondoe safari hiyo katika ndoto zao, maana mtoto wa leo hajui kesho atafika wapi. Lakini niliwaambia pia jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya: kuna mambo ya mbinguni ambayo mtoto wa Tromsø hawezi kuyaona kwao hata akeshe maisha yake yote, na mtoto wa Pipeline anaweza kuyaona akisafiri kilomita sabini tu.

Chukua mfano wa kitovu cha galaksi yetu, pale ambapo Njia Nyeupe ni pana na yenye kung'aa kuliko kwingine kote. Kwetu hupita karibu na utosi. Huko Tromsø hakichomozi kamwe. Chukua nyota za Msalaba wa Kusini, zilizowaongoza mabaharia kwa karne nyingi. Huko kaskazini hazijulikani ila vitabuni. Nao wakazi wa kusini kabisa mwa dunia hawazioni zile nyota saba za Dubu Mkubwa zinazozunguka upande wa kaskazini. Sisi, maadamu tuko karibu na mstari wa ikweta, tunaweza kuziona zote mbili kwa wakati mmoja, Msalaba mkono mmoja na Dubu mkono wa pili. Fauka ya hayo, mtu akienda Tromsø mwezi wa Juni hatapata usiku wowote, kwa kuwa jua haliachi kuonekana huko tangu Mei hadi Julai. Sisi mwezi huo tunao usiku mrefu wa kutosha kusoma anga zima.

Safari ninayoipendekeza ni ya Olorgesailie, kwenye barabara iendayo Magadi. Ukitoka Nairobi utapita Kiserian, utazunguka mgongo wa Milima ya Ngong, kisha barabara itateremka katika Bonde la Ufa, na baada ya mwendo wa yapata kilomita sabini utafika. Nimepachagua kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba vilima hivyo vya Ngong husimama kati yako na taa za jiji. Ya pili ni kwamba ni eneo kame, lenye mawingu haba kuliko Nairobi wakati wa kipupwe. Ya tatu ni kwamba hapo pana kituo cha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, chenye mahali pa kupiga kambi, na pana zana za mawe zilizoachwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, nyingine zikikaribia miaka milioni moja. Louis na Mary Leakey walianza kuzichimbua katika miaka ya 1940. Kwa hiyo mwalimu wa historia atapata kazi mchana kabla mwalimu wa sayansi hajapata yake usiku.

Wakati ufaao ni mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Masika yameisha, na muhula wa pili unaruhusu safari, tofauti na ule wa tatu ambao ni wa mitihani. Lakini kabla ya kutazama kalenda ya shule, tazama kalenda ya mwezi. Mwezi mpevu hufuta nyota kama taa za mtaani. Wavuvi wa omena katika Ziwa Viktoria walilijua jambo hili zamani. Wao hungoja usiku usio na mbalamwezi ndipo washushe karabai zao majini. Mwalimu naye achague Ijumaa iliyo katika siku tano kabla ya mwezi kuandama au siku mbili baada yake. Mzunguko huo huchukua siku ishirini na tisa na nusu, kwa hiyo wanafunzi wenyewe wanaweza kuukokotoa miezi kadhaa kabla ya safari. Hilo nalo ni somo la hisabati.

Isitoshe, basi la shule halipaswi kuwa barabarani usiku wa manane. Ni lazima kufika kabla ya magharibi na kulala huko. Kwa sababu hiyo maandalizi yaanze mapema: idhini ya maandishi ya kila mzazi, ruhusa ya afisi ya elimu, nafasi ya kambi, walimu wa kike wa kuwaangalia wasichana, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kutosha, sweta, na viatu vya kufunika mguu, maana nge hawana ratiba. Kurunzi zifungwe karatasi nyekundu na simu ziwekwe mfukoni. Jicho la mwanadamu huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mwako mmoja wa simu huliharibu zoezi zima.

Baada ya saa moja unusu jioni, kundi litazame kusini uonekane Msalaba, kisha ligeuke kaskazini aonekane Dubu. Kuelekea usiku wa manane, kundinyota la Nge litakuwa juu kabisa, na karibu nalo kile kitovu cha galaksi nilichokitaja. Wale walioandika tisa au sufuri sasa wahesabu tena. Chini ya anga jeusi lisilo na mawingu, mtu mwenye macho mazima huweza kuona nyota zipatazo elfu mbili na zaidi kwa wakati mmoja. Darubini si lazima. Hata hivyo, wapo Wakenya walioijitolea kazi hiyo. Susan Murabana, kwa mfano, amekuwa akizungusha darubini katika shule za nchi hii tangu 2014, na shule yenye kutaka msaada inaweza kubisha hodi.

Watoto walale kidogo, kisha waamshwe saa kumi na nusu alfajiri. Upande wa kaskazini mashariki wataona doa hafifu kama pumzi kwenye kioo. Hiyo ni galaksi ya Andromeda. Nuru yake ilianza safari miaka milioni mbili na nusu iliyopita, kabla ya lile jiwe waliloliona mchana kuchongwa na mkono wowote. Na chini kidogo, mashariki, kishada cha nyota ndogo kitakuwa kinachomoza. Hapo mwalimu wa Kiswahili ndipo apewe nafasi. Kishada hicho ni Kilimia, na jina lake limetokana na kulima. Hutoweka magharibi wakati wa masika, kikarudi alfajiri kiangazi kinapoanza. Ndiyo maana wahenga walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakikuyu hukiita Kĩrĩmĩra, na Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini hukiita isiLimela. Neno moja limesafiri nusu ya bara hili likiwa juu ya vichwa vya wakulima, na wajukuu wa wakulima hao wako Pipeline hawalioni.

Nilipolileta pendekezo hili mbele ya wazazi, mama mmoja muuza mboga alisimama akaniuliza swali lililonyamazisha chumba: "Mwalimu, sisi tulitoka mashambani tukilikimbia giza. Wewe unataka tulipe pesa ili urudishe watoto wetu huko?"

Sikulichukulia swali hilo kwa wepesi, wala msomaji asilichukulie hivyo. Kwa mzazi huyo giza ni koroboi iliyoharibu macho ya kusomea, ni nyoka njiani, ni mwizi kichochoroni. Zile taa za mulika mwizi zimemwezesha kuuza sukuma wiki hadi saa nne usiku na kurudi nyumbani salama. Anayezibeza taa hizo hajapata kupita mtaani petu bila taa. Nilimjibu: "Mama, taa tunazihitaji, na hakuna anayetaka zizimwe. Nakuomba usiku mmoja tu, watoto wakiwa na walimu wao, wasione giza kuwa adui peke yake." Kisha nikamwuliza kama yeye, alipokuwa msichana, alizijua nyota. Alifikiri kidogo, akasema babu yake hakupanda kunde kabla ya kuona kile kishada cha nyota kikirudi. Nikamwuliza kama amepata kumwonyesha mwanawe. Akasema, "Ningemwonyeshea wapi?"

Naona jibu hilo lilitosha kuufunga mjadala. Wazazi wetu wengi walikuja mjini na elimu kamili ya anga, na elimu hiyo inakufa nao kwa sababu watoto wao hawana mahali pa kuielekeza kwa kidole. Si kosa la mzazi wala la mtoto. Lakini shule ikinyamaza, basi itakuwa imekubali kwamba kuna watoto wa kuona na watoto wa kukariri. Mwenye baba mwenye gari ataziona nyota Amboseli au Naivasha wakati wa likizo. Mtoto wa muuza mboga atazichora kwa kalamu ya risasi, apewe alama zake, na asimwambie mtu kwamba hajui anachora nini.

Kuhusu fedha, tulikubaliana kuweka akiba kidogo kidogo, shilingi hamsini kila Ijumaa tangu Januari, kama vile chama kinavyochanga. Asiyeweza atasaidiwa pasipo jina lake kutajwa. Yule mama muuza mboga alichaguliwa kuwa mweka hazina.

Kuna wale watakaosema kwamba nyota hazileti ugali. Hao nawakumbusha kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani tu. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya uhuru wetu, na vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kuanza kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Ikweta yetu ilitumiwa na wageni kufungua mlango wa elimu mpya. Itakuwa ajabu iwapo watoto wa ikweta hiyo hiyo watabaki nje ya mlango kwa kukosa nauli ya kilomita sabini.

Wala shule pekee hazitoshi. Wapangaji wa jiji nao wanaweza kusaidia bila kupunguza usalama wa yeyote. Taa ya barabarani iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini humulika njia vizuri zaidi, na haipotezi umeme kwa kuangaza matumbo ya mawingu. Wenzetu wa Namibia wamekwenda mbali zaidi: hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa mnamo 2012 kuwa ya kwanza barani Afrika kulindwa kimataifa kwa ajili ya giza lake, na wageni hulipa kwenda kulitazama. Magadi, Samburu na Marsabit zina giza la namna hiyo. Tusingoje mpaka litoweke ndipo tujue lilikuwa mali.

Mwalimu mwenzangu, kalenda ya mwezi haigharimu kitu. Ichukue leo, utie alama kwenye Ijumaa yenye giza mwezi wa Juni, kisha uandike barua ya kwanza kwa mwalimu mkuu. Nawe mwanafunzi, ukifika nyumbani jioni hii, usimsumbue mzazi wako kwanza kwa habari za mchango. Mwulize tu kwao walizipa nyota majina gani, na uyaandike yote kabla hajasahau.